KUTOKA TANGINI MPAKA COCO BEACH: BI MKUBWA ALIVYOIONA BAHARI UPYA

Kibaha ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Pwani, lakini ukisimama Tangini huoni hata tone la bahari. Ni Pwani ya jina. Anayetaka upepo wa bahari lazima apande gari, ashike Barabara ya Morogoro kama kilomita 40 hivi mpaka katikati ya jiji la Dar es Salaam, ndipo asikie mawimbi. Ndiyo maana kwa watu wengi wa huku, kwenda beach ni safari ya kupangwa, yenye nguo mpya na picha nyingi za kuweka status.

Sasa kuna mama mmoja wa Tangini ambaye bahari aliiona sana mwaka jana, tena akaichukia. Hakuwa anaenda kula bata. Alikuwa anaenda kupigwa mionzi Ocean Road, ile hospitali ya saratani iliyopo kando ya bahari. Na mionzi si kitu cha siku moja. Ni Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki baada ya wiki. Alfajiri yeye na bintiye wanapanda daladala mpaka Kimara, wanaunganisha mwendokasi mpaka Kivukoni, halafu bajaji. Kwenye bajaji mama anajifunika khanga usoni. Upepo ule ule ambao wengine wanalipa nauli kuufuata, yeye ulikuwa unamtia kichefuchefu.

Matibabu yakaisha. Akapewa tarehe za kurudi kliniki, akaambiwa ale vizuri na apumzike. Bintiye ana kibanda cha uwakala wa kutuma na kutoa pesa. Akaanza kuweka kidogo kidogo mpaka ikafika shilingi 40,000. Nia yake ilikuwa moja tu: ampeleke mama kwenye barabara ile ile siku ya Jumapili, bila faili na bila foleni.

Hapo maneno yakaanza. Si unajua mtaani. "Juzi tumechangia matibabu, leo wanaenda kula bata Coco?" Mama yakamfikia, akasema haendi popote.

"Mwanangu, watu wametutolea hela zao. Tukionekana tunastarehe, kesho nani atatuchangia?"

Swali hilo si la kuchekwa, wadau. Uswahilini mchango ndiyo bima ya watu wengi. Lakini ukishachangiwa, maisha yako yanapata mashahidi. Wanaangalia umenunua nini, umekula nini, umevaa nini. Mgonjwa anatakiwa aonekane mgonjwa. Akicheka kwa sauti, kuna mtu pembeni anaanza kupiga hesabu. Na anayemuuguza ndiyo kabisa, hatakiwi hata kuchoka.

Binti hakubishana. Alitoa daftari la michango akamuwekea mama mapajani. Kila jina lilikuwepo na kiasi chake, na risiti zimebanwa pembeni. Ukurasa wa mwisho salio lilikuwa sifuri.

"Hii elfu arobaini ni kamisheni yangu, mama. Na mimi nimechoka kuikumbuka ile barabara ukiwa umejifunika khanga."

Mama alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kama viatu vya wazi vitafaa.

Jumapili wakashuka Kivukoni mchana. Wakaanzia Feri, kwenye soko la samaki, wakaangalia pweza na ngisi bila kununua, maana safari bado. Kutoka pale barabara inafuata ufukwe. Zamani iliitwa Ocean Road, mwaka 2013 ikapewa jina la Barack Obama Drive baada ya rais huyo wa Marekani kuja nchini. Mdau ukipita hapo kumbuka kwamba Ikulu ipo jirani, kwa hiyo simu weka mfukoni mpaka upite, picha utapiga mbele.

Walipofika usawa wa hospitali mama alisimama. Ni jengo jeupe la kale, lilijengwa enzi za Wajerumani mwaka 1897. Binti akadhani wamekosea kuja, akaanza kutafuta bajaji kwa macho. Kumbe mama alikuwa anashangaa.

"Hivi siku zote hizo bahari ilikuwa karibu hivi?"

Ilikuwa karibu hivyo hivyo. Kuvuka barabara tu.

Bajaji ikawapeleka mpaka upande wa Hospitali ya Aga Khan linapoanzia Daraja la Tanzanite. Daraja hili lilifunguliwa rasmi mwaka 2022, limepita juu ya bahari zaidi ya kilomita moja, na jina lake limetokana na madini yanayochimbwa Mererani tu, mkoani Manyara, hayapatikani kwingine duniani. Kuna njia ya watembea kwa miguu, na kulitembea ni bure. Mama alilitembea polepole, akipumzika kila baada ya hatua kadhaa huku ameshika kingo. Vijana wa picha wakamsogelea: "Shikamoo mama, tukupige moja ya kumbukumbu?" Akakataa mara mbili, ya tatu akakubali. Kwenye ile picha khanga ipo mabegani.

Coco Beach Jumapili ni watu juu ya watu. Mpira huku, watoto na maboya kule, muziki kila kibanda na wimbo wake. Ilikuwa mwezi umekaribia kuwa mpevu, maji ya bamvua, kwa hiyo saa kumi jioni bahari ilikuwa imejaa kabisa na yale mawe yote yamefunikwa. Muuza madafu ndiye aliyewaonya wasisogee sana. Mama aliishia kulowesha miguu mpaka kwenye vifundo, akarudi anacheka.

Kisha msosi. Coco inajulikana kwa mihogo. Ya kukaanga au ya kuchoma, unaipasua, unaweka pilipili na kachumbari, ukitaka unaongezea mishkaki. Mama aliangalia sahani, akamwangalia bintiye.

"Yaani nimetoka kwenye mihogo, nimelipa nauli, nimekuja kula mihogo?"

Walicheka mpaka muuzaji naye akacheka. Lakini sahani aliimaliza, na hilo ndilo binti alilolitaka zaidi ya daraja na picha zote. Ilikuwa miezi mingi mama hajamaliza sahani.

Kitu kingine ambacho wengi wanakwenda nacho vibaya Coco: usisubiri jua lizame baharini. Bahari ile inatazama mashariki, jua linazama mgongoni mwako. Lakini siku za mwezi mpevu, ukigeuka unauona mwezi ukitoka majini. Wao waliuona kidogo tu, wakaondoka, maana mgonjwa hatakiwi kuchoka na magari ya Kibaha usiku yana msongamano wake.

Jumatatu jirani, yule yule aliyesema maneno, alikuja kibandani kutoa hela. Akakuta mama amekaa nje.

"Nasikia jana mlikuwa Coco."

"Tulikuwepo. Tumekula mihogo."

"Mihogo tu?"

"Na dafu moja, tumegawana."

Jirani akahesabu hela zake, akazirudia kuhesabu. Halafu akasogeza kiti.

"Hivi kutoka hapa mpaka huko, nauli kwenda na kurudi inafika shilingi ngapi?"

Kliniki ya mama ni mwezi ujao. Majibu yatakuwaje hakuna anayejua, na usiku mwingine bado halali kwa kuwaza. Ila ameshamwambia bintiye kwamba siku hiyo watoke mapema zaidi, na kwamba kwenye bajaji yeye atakaa upande wa bahari.