Kabla ya kununua mashine mpya, geuza vitanzi

Leo tuzungumzie arei. Mtu akiniambia programu yake inajikokota kwa sababu mashine ni kuukuu, mimi huomba kwanza kuona vitanzi vyake.

Chukua jedwali katika lugha ya C, safu mlalo 4096 kwa safu wima 4096, kila namba baiti 4. Hizo ni namba 16,777,216, yaani megabaiti 64. Unataka jumla yake. Unaweza kusoma a[i][j] ukimaliza mlalo mmoja ndipo uingie wa pili, au ukashuka wima mmoja baada ya mwingine. Jibu ni lile lile, ila mwendo ni tofauti kabisa.

Kisa na maana? C hupanga namba za mlalo mmoja zikifuatana kwenye kumbukumbu. Prosesa nayo haichoti namba moja moja kutoka kwenye RAM. Prosesa nyingi za kompyuta zetu huleta baiti 64 kwa mkupuo na kuziweka katika kashe, ghala dogo lenye kasi lililo ndani yake. Ukienda kwa mlalo, mkupuo mmoja unakupa namba 16. Ukishuka wima, kila hatua inaruka baiti 16,384. Unatumia namba moja, na zile 15 mara nyingi huondolewa kabla hujazifikia. Ni kama kupanda matatu hadi sokoni kununua nyanya moja, urudi nyumbani, kisha upande tena kufuata kitunguu.

Mteja wangu mmoja alikuwa ameshatenga pesa za kompyuta mpya, kwa kuwa ripoti iliyoandikwa na fundi mwingine ilimchelewesha kila jioni. Nilibadilisha mistari miwili tu: kitanzi cha i kikawa nje, cha j ndani. Mashine ile ile ikamaliza kazi kabla chai haijapoa, na pesa zikanunua bidhaa.

Angalizo: Fortran na MATLAB hupanga kwa wima, kwa hivyo huko fanya kinyume. Na jedwali dogo linaloenea lote ndani ya kashe halitakuonyesha tofauti kubwa. Pima muda, badilisha kitu kimoja, pima tena.

Kwetu mashine hutumika hadi ichoke kabisa. Anayejua namba zake zimelala vipi kwenye kumbukumbu huwaokolea watu pesa.