Dhambi Zetu Zilikuwa Zetu

Zamani kisiwani Wasini, mtu akitaka kunywa alivuka. Shimoni iko ng'ambo ya mkondo tu, na huko bara tembo la mnazi liligemwa na kuuzwa vichakani, serikali ipende isipende. Aliyevuka alijulikana. Alirudi na mashua ya mwisho, naye badala ya kushuka bandarini, penye baraza ya wazee, alimwomba nahodha amtue upande wa mikoko, akapita nyuma ya kijiji viatu mkononi. Wazee walimwona. Walimwona kila mara, wala hawakumwita. Alfajiri alikuwa safuni kama kawaida, na ami yangu, mtu mkali wa dini kuliko imamu mwenyewe, alimpa mkono baada ya swala. Siku moja nilimuuliza mbona hamwambii kitu. "Ametuonea haya, mwanangu," akasema. "Siku atakayoshuka bandarini ndipo tutakuwa na neno naye."

Neno lenyewe lilikuwa na ngazi zake. Kwanza mtu aliitwa barazani baada ya Isha, akaketishwa mbele ya watu waliomjua tangu hajatahiriwa. Asipojirudi, Ijumaa khatibu alilizungumzia kosa bila kumtaja mkosaji, na msikiti mzima ukainamia mikeka. Akizidi, alisusiwa: harusi yake ikakosa wapishi, msiba wake ukakosa wabebaji wa jeneza. Na kisiwa chetu ni mwamba wa matumbawe, hakina mto wala kisima cha maji matamu cha kutegemewa. Tuliishi kwa mvua iliyokusanywa mabirikani, na ukame ukikaza, birika lako likakauka, ulichukua ndoo ukaenda kwa jirani. Aliyesusiwa angebisha hodi kwa nani?

Wizi nao ulikuwa na dawa yake. Mtu akiibiwa dema au nyavu, ilitangazwa msikitini kwamba Jumatatu itasomwa Halbadiri, dua ya kumwapiza mwizi. Kufika Jumapili usiku kitu kilikuwa kimeshabwagwa kizingitini pa mwenyewe. Utoto wangu wote sikuhudhuria hata Halbadiri moja ya mwizi iliyosomwa hadi mwisho.

Nakumbuka pia kijana mmoja aliyejaribu kujinyonga kwenye mkwaju nyuma ya nyumba yao, akawahiwa. Kwa dini hiyo ni dhambi kubwa, na hakuna aliyeipunguza. Kwa serikali lilikuwa kosa la jinai, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo hadi miaka miwili. Wazee wale wale waliokuwa wakali wa haramu na halali walikubaliana usiku huo huo kwamba habari isivuke mkondo. Kijana akasomewa, akahamishiwa kwa mjomba wake, akawekewa mtu wa kulala naye chumba kimoja. Leo ana wajukuu. Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Kwetu kilikuwa kimeshatanguliwa siku nyingi, bila wakili.

Nikisimulia hivi, vijana hudhani tuliishi peponi. Haikuwa hivyo. Haya hazikugawiwa sawasawa. Msichana aliyepata mimba nje ya ndoa alipakiwa mashuani kabla tumbo halijaonekana, akapelekwa kwa jamaa, Vanga au hata Tanga, akarudi baada ya miaka akiwa mpole kupita kiasi. Aliyempa mimba aliendelea kuketi safu ya mbele, hasa akiwa na chombo chake baharini na wavuvi wanaomtegemea. Mvuvi maskini alisusiwa haraka; tajiri aliitwa barazani, akachinja mbuzi, yakaisha. Nililiona hilo nikiwa mtoto na halikunisumbua, maana kila mtu aliliona na halikumsumbua.

Basi sheria ya serikali, tuliijuaje? Kwetu ilikuja kwa njia ya bahari. Mwaka 1973 Kisite ilitangazwa kuwa hifadhi, na 1978 mipaka ikachorwa upya: Kisite, kilomita za mraba 28, hakuna kuvua kabisa, Mpunguti, kilomita za mraba 11, kuvua kwa zana za asili tu. Baba zetu walikuwa wakitega huko kama walivyotega babu zao. Asubuhi moja riziki ya halali, isiyokatazwa na kitabu chochote cha fiqhi, ikawa kosa la kupelekwa mahakamani. Nakiri matumbawe yalipona, samaki wakaongezeka, na watalii wanaokuja kuwatazama pomboo wanalisha nyumba nyingi, yangu ikiwemo. Lakini watalii hao hao walikuja na bia, zikanywewa mchana peupe kwa leseni iliyopigwa muhuri, na wanawake waliovaa vazi la kuogelea wakakatiza karibu na chuo wakati watoto wanasoma juzuu. Halali yetu ilipata askari na haramu yetu ikapata leseni. Ami alilitafakari jambo hili miaka mingi. Alifikia uamuzi kwamba serikali haina nia mbaya, ila haijui dhambi ni nini, na pengine si kazi yake kujua.

Wala haikuwa kazi ya kadhi, ingawa wengi hudhani hivyo. Makubaliano ya Oktoba 1963, ukanda wa pwani ulipotoka kwa Sultani wa Zanzibar na kuingia Kenya, yaliahidi kwamba makadhi watabaki. Walibaki, na Katiba ya 2010 imewaandika katika kifungu cha 170: ndoa, talaka, mirathi, hadhi ya mtu, basi, tena pande zote ziwe za Waislamu na zikubali. Kadhi wa Kwale hawezi kumfunga mlevi hata saa moja.

Sehemu moja tu naijua ambapo sheria ya nchi inazungumza kama khatibu. Ni kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoadhibu tendo la ndoa lililo "kinyume cha maumbile" kwa kifungo cha hadi miaka 14. Maneno hayo hayakutoka kwa mashekhe wetu. Waingereza waliyaandika katika sheria ya jinai ya India ya 1860, wakaileta sheria hiyo Afrika Mashariki, kisha 1930 wakaandika kanuni mpya ya Kenya na kuyaacha mambo hayo ndani. Tarehe 24 Mei 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu walikataa kukifuta kifungu hicho, na kisiwani tulifurahi. Nilifurahi pia, maana tendo lenyewe nimefundishwa kuwa ni dhambi na sijafundishwa vingine. Kilichonirudisha nyuma ni swali la utekelezaji. Waliokwenda mahakamani walilalamika kwamba kifungu hicho hutumiwa kuwatishia watu ili watoe pesa. Mtu yeyote wa pwani aliyewahi kusimamishwa na askari usiku anajua kwamba malalamiko hayo hayahitaji ushahidi mrefu.

Na sharia yenyewe, hii tuliyosoma chuoni, ilifanyaje? Kwa zinaa ilitaka mashahidi wanne walioona kwa macho, na mwenye kutuhumu bila mashahidi hao akapigwa viboko themanini. Maalim alitufundisha sharti hilo kama hesabu, nasi tukalikariri kama hesabu. Niliingia utu uzima ndipo nikaona kwamba mashahidi wanne wa namna hiyo hawapatikani ila kwa mtu anayetenda uwanjani. Kupeleleza nyumba za watu kumekatazwa waziwazi. Yule mtu wa mikokoni, viatu mkononi, alikuwa salama kifiqhi, na ami alilijua hilo kabla yangu. Ajabu ni kwamba Thomas Aquinas, padri wa karne ya 13 ambaye Wakatoliki humtegemea sana wanapozungumzia sheria ya maumbile, alifika karibu na hapo hapo: sheria ya wanadamu isikataze kila uovu, ikataze mizito, hasa inayowadhuru wengine, kwa kuwa walio wengi si watakatifu. Sheria ya mkoloni ilichukua dhambi ikaacha mashahidi wanne na viboko vya mwenye kusingizia. Nadhani hapo ndipo ilipoharibika.

Siku hizi baraza ipo, wazee wapo wachache, na kila mmoja ana simu. Maneno ya barazani yameingia kwenye vikundi vya WhatsApp, ambako mtu hutukanwa kwa jina na watu walio Jeddah na Leicester wasiojua hata nyumba yake iko wapi. Hakuna anayepita mikokoni tena. Anayekunywa hushuka bandarini, na akiulizwa husema ni haki yake, na kisheria hakosei. Unga wa kulevya umefika pwani yote ya kusini, nao hautibiki kwa haya, maana mraibu keshauza haya zake pamoja na simu ya mamake. Juni 2025 Mahakama ya Juu, katika kesi ya hapa hapa Pwani, iliamua kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi wa baba yao Mwislamu. Mashekhe wengi walipinga, na hoja zao za mirathi nazielewa. Nami nilimfikiria yule msichana wa mashuani na mtoto aliyemzaa kwa jamaa, nikashindwa kukasirika vya kutosha.

Mwezi uliopita kijana wa jirani alikuja na karatasi ya kutia sahihi. Yeye na wenzake wanataka kaunti na bunge waharamishe pombe kisiwani kote, mavazi ya utupu, uchi wa ufukweni, zinaa, na "mambo yote ya kinyume cha maumbile", adhabu iongezwe. Aliniamkia vizuri, akakaa mkekani, nikamwambia la pombe karibu na msikiti na chuo nitatia sahihi hata sasa hivi, maana hilo linatuudhi sote na linafanyika mbele yetu. Hayo mengine nikamuuliza nani atakwenda kuyaangalia.

"Polisi, ami."

"Polisi gani?"

Alinyamaza kidogo, maana kakake alikamatwa mwaka juzi kwa nyavu, na kila mtu kisiwani anajua alivyoachiliwa na shilingi ngapi zilitoka. Kisha akasema sheria ikishakuwa ya Mungu, hata askari wa Kenya ataogopa kuichezea. Nikamrudishia kalamu. Mimi nimeishi Kenya miaka mingi kuliko yeye.