Nyonga ya mama haikuuma, ndiyo maana tulichelewa

Mama yangu ni mkulima wa mpunga wa hapa Igawa, Mbarali. Majaruba ndiyo yaliyotusomesha sisi watoto wanne, na majaruba hayohayo, pamoja na magunia aliyobeba tangu usichana, ndiyo anayoyalaumu kwa nyonga yake.

Mwaka 2011, akiwa na miaka 53, nyonga ya kulia ilikuwa imesagika kiasi kwamba kutoka nyumbani hadi barabara kuu, yanapopita mabasi ya Dar, alikuwa anakaa chini kupumzika mara tatu. Tuliuza mpunga wote, tukakodisha shamba, kaka akakopa kazini. Mama akawekewa nyonga bandia. Baada ya miezi michache alitembea bila gongo, na siku aliyorudi kanisani kina mama walipiga vigelegele. Sisi watoto tukaambiana: hili limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Mwaka 2023 mama alirudi tena chumba cha upasuaji, kwa nyonga ileile.

Nawaandikia wazazi wenzangu, hasa nyinyi ambao mna watoto shuleni na wazazi kijijini, kwa sababu kosa letu ni rahisi sana kulifanya.

Nyonga bandia ni kama bawaba ya mlango. Kuna kikombe kinachowekwa kwenye mfupa wa nyonga, ndani yake mara nyingi kuna plastiki ngumu. Kuna kichwa cha mviringo kinachozunguka humo, nacho kimeshikwa na chuma kirefu kilichozamishwa ndani ya mfupa wa paja. Kila hatua unayopiga, kichwa kinasugua kikombe. Kwa miaka mingi plastiki inalika kidogokidogo na kutoa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho.

Daktari alitueleza kwamba chembe hizo ndizo adui. Askari wa mwili huzimeza wakidhani ni wadudu, lakini hawawezi kuziyeyusha. Katika vita hiyo mwili unaanza kuula mfupa wake wenyewe unaozunguka chuma. Chuma kinabaki kama nguzo ya uzio iliyooza udongo wake: imesimama, lakini ukiigusa inacheza.

Kulegea huko ni sababu kubwa ya watu kurudiwa upasuaji, ingawa si pekee. Wapo ambao vijidudu huingia kwenye nyonga, siku ya upasuaji au hata miaka baadaye, vikisafiri na damu kutoka kwenye kidonda au jino bovu. Wapo ambao kichwa huchomoka kwenye kikombe wakichuchumaa au wakikaa vibaya. Wapo wanaoanguka na mfupa ukavunjika pembeni ya chuma.

Madaktari wenyewe walijifunza jambo hili kwa uchungu. Mwingereza John Charnley, anayehesabiwa kuwa baba wa nyonga bandia za kisasa, mwishoni mwa miaka ya 1950 alianza kutumia plastiki ya Teflon, ileile ya kwenye vikaango visivyoshika chakula. Wagonjwa walifurahi, walitembea. Baada ya miaka michache plastiki ililika, na watu karibu 300 wakawa na nyonga zilizoharibika. Charnley alipopata plastiki nyingine ngumu zaidi, hakutaka kubahatisha tena. Alijipandikiza vipande vya plastiki zote mbili kwenye paja lake mwenyewe aone mwili utafanya nini. Ile mpya aliianza kwa wagonjwa Novemba 1962, na plastiki za leo ni watoto na wajukuu wake.

Kwa hiyo nyonga bandia ni kitu kizuri, na mtu asiikimbie. Uchambuzi uliotoka mwaka 2019 kwenye jarida la The Lancet, kutoka nchi zinazotunza kumbukumbu za kila nyonga inayowekwa, ulionyesha kwamba katika nyonga 100, kama 58 hudumu miaka 25. Lakini soma na upande wa pili: zaidi ya 40 hazifiki huko. Na anayewekewa akiwa bado na nguvu za kulima ana nafasi kubwa zaidi ya kurudi kuliko mzee wa miaka 80.

Haya yote tungeweza kuyajua mapema. Kwenye daftari la kliniki la mama, ukurasa wa mwisho, daktari wa kwanza aliandika kwa kalamu nyekundu: aje kila mwaka kwa eksirei, hata kama haumwi. Miaka mitatu tulikwenda. Mwaka wa nne nauli ilikuwa ngumu, na mama alikuwa anatembea vizuri, tukaahirisha. Wa tano hatukukumbuka hata kuahirisha.

Tuliporudi, picha ilionyesha mfupa umeliwa pande zote za chuma. Daktari alisema kazi hiyo huenda ilianza miaka mingi kabla ya maumivu, na kwamba tungekuja mapema huenda ingetosha kubadilisha plastiki peke yake. Sasa ilibidi kung'oa chuma na kujazia mfupa. Upasuaji wa pili ulikuwa mrefu kuliko wa kwanza, damu ilipotea zaidi, na ndugu watatu tulijitolea. Leo mama anatembea na gongo, na mguu wa kulia ni mfupi kidogo.

Jioni moja akiwa bado wodini nilimwuliza maumivu yalianza lini hasa. Alikaa kimya, kisha akasema: "Mwaka mmoja na nusu, mwanangu. Nikiamka asubuhi, hatua za kwanza, kinena kinachoma. Nikishatembea kinatulia."

"Mbona hukusema, mama?"

"Ningesema, ungetoa ada ya mtoto. Nyonga nimeshatengenezewa mara moja. Nitaomba mara ngapi?"

Sikuwa na jibu. Mimi niliyemwambia hili limekwisha ndiye niliyemfunga mdomo.

Basi, mzazi mwenzangu, kama nyumbani kwenu kuna mwenye nyonga bandia, lifungue daftari lake leo. Muulize daktari wake anatakiwa kupigwa picha kila baada ya muda gani, na nauli hiyo iwekeni kwenye bajeti pamoja na ada. Usimwulize mama "unaumwa?" maana atakujibu hapana. Mwangalie anavyoinuka kwenye kiti. Mwulize kuhusu kinena na paja, kuhusu hatua za kwanza za asubuhi. Akichechemea upya, mguu ukionekana kufupika, au akipata homa na nyonga inauma, msisubiri mavuno.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nilimwambia mama hivyo, akacheka: "Ufa wenyewe ulikuwa ndani ya mfupa, ungeuonaje?"

Kwa eksirei, mama. Mwaka huu tumekwenda Machi, tena mapema, kabla ya kuvuna.