Nani Aliandika Ile Nane?

Swali lenyewe lilikuwa la kijiweni tu: kati ya mpiganaji na msomi, nani mkali? Lakini lilitukosesha usingizi miezi minne, na mwisho wake lilinifanya nimtazame kaka yangu upya. Ndugu msomaji, naomba nikusimulie, kisha uamue mwenyewe.

Tulikuwa watano, hapa hapa Tunduma, tukikutana kila Jumapili jioni katika kibanda cha kinyozi akishafunga kazi. Nje malori ya kwenda Zambia na Kongo yamejipanga kama siafu. Ndani sisi tumezunguka stuli moja, simu imeegemezwa kwenye kioo itutolee mwanga. Mchezo wetu ni ule unaoitwa Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mmoja anakuwa msimulizi, wengine mnakuwa wahusika ndani ya hadithi yake, na kila mnapojaribu jambo gumu dadu ndilo linaloamua. Januari 2023 wenye mchezo walitoa kanuni za msingi bure, kitabu cha kurasa kama mia nne. Nilikipata nikiwa chuoni Mbeya, nikakisoma kwenye simu mpaka macho yakauma, nikachapisha kurasa thelathini nilizozimudu.

Dadu la pande ishirini Tunduma utalitafuta mpaka uchoke. Tukakata vipande vya karatasi, tukaandika 1 hadi 20, tukavitia kwenye kopo la Blue Band. Maadui walikuwa vizibo vya soda. Baadaye nikasoma kwamba mwaka 1979 hata wachapishaji wenyewe waliishiwa dadu, wakatia vipande vya namba kwenye maboksi yao. Basi tukajiona na sisi tumo.

Kila mhusika ana fani yake. Kitabu kina fani kumi na mbili, sisi tukachukua nne. Dogo mmoja anayebadilisha kwacha kule barabarani akawa mjanja, fani ya wanaopiga pigo moja la kuvizia na kupotea. Dada anayekaanga chipsi jirani akawa mganga. Mimi nilitaka ile ya mtu wa maajabu, ambayo kwa Kiswahili cha haraka ni mchawi, kinyozi akakataa katakata. "Watu wakipita nje usiku wakasikia mnaitana wachawi, mtawaeleza nini?" Kweli bwana, huku kwetu neno hilo si la mchezo. Kwa kuwa nguvu za mhusika huyo zinatoka kwenye kitabu anachokisoma kila siku, tukamwita msomi.

Kaka yangu akawa mpiganaji. Hakuna aliyemuuliza. Kaka ni kuli mpakani, ananyanyua gunia la mahindi kama mtu anayevaa shati. Aliacha shule kidato cha pili baba alipofariki, mimi nikiwa mtoto. Ada zangu zote zilitoka mgongoni mwake, na hapo sitii chumvi. Kiingereza cha kitabu kinampiga chenga, kwa hiyo karatasi ya mhusika wake nilimjazia mimi. Kuna namba sita za kugawa kwenye sifa: 15, 14, 13, 12, 10 na 8. Nguvu nikampa 15. Akili nikampa 8. Binadamu huongezewa moja kila sifa, akili yake ikawa 9, tukacheka kidogo, tukaendelea.

Kinyozi alitupeleka Mbozi, kwenye kile kimondo cha tani zipatazo 16 ambacho wenyeji walikijua zamani kabla wataalamu hawajakiandika mwaka 1930. Katika hadithi yake chini ya kimondo kulikuwa na pango, na pangoni vibwengo walikuwa wanachimba ili wakiibe.

Ngazi ya kwanza, msomi ni bure kabisa. Nilikuwa na pointi 8 za uhai, na kibwengo akikupata anakutoa kama 5. Mapigo mawili, kwaheri. Kinga yangu ilikuwa 12, ya kaka 17. Piga hesabu ya kopo letu: kibwengo ananipata mimi kwa vipande 13 kati ya 20, kaka anampata kwa vipande 8 tu. Na kaka ana uhai 12, na panga lake kubwa likitua ni pointi 10 kwa wastani, wakati kibwengo mzima ana 7. Mimi nilikuwa na maajabu mawili kwa siku. Nikishayatumia, kazi yangu ni kujificha nyuma ya mgongo wa kaka. Hata mjanja alimhitaji, maana pigo la kuvizia huongezeka nguvu pale mwenzako anapokuwa amembana adui. Wiki nane mfululizo kaka ndiye aliyesimama mlangoni, na kila mara aliniambia, "Rudi nyuma mdogo wangu."

Kisha tukafika ngazi ya tano.

Ngazi ya tano mpiganaji anapiga mara mbili kwa zamu. Yakiingia yote ni pointi 22. Kaka alifurahi sana. Lakini ngazi hiyo hiyo msomi anajifunza kurusha tufe la moto. Unachota vipande vinane vya dadu la sita, wastani 28, na kila aliyemo ndani ya hatua chache anaipata. Akibahatika kukwepa anapata nusu. Vibwengo kumi na mbili walikuwa wamejaa ukumbini. Kaka akaanza kusogeza kizibo chake mbele kama kawaida. Nikasema, "Ngoja kaka." Nikarusha. Kinyozi akaondoa vizibo kimoja kimoja, vyote kumi na viwili, akaviweka kwenye kopo lingine. Kibanda kizima kikalipuka kwa shangwe.

Kaka hakushangilia. Alikitazama kizibo chake kilichobaki peke yake katikati ya stuli. Tulipokuwa tunarudi nyumbani, tumepita malori kama ishirini bila neno, akasema, "Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kukufikisha pale."

Nilicheka. Naona aibu kuandika, lakini nilicheka.

Wiki ile ubishi ukawaka. Dogo wa kwacha alisema msomi ni kiboko, mwisho wa habari: maadui kumi mara 28 ni 280 kwa zamu moja, mpiganaji na 22 zake anakwenda wapi? Nikaenda kusoma, nikakuta ubishi huu ni mkongwe kuliko sisi. Katika toleo la 1974 walijua msomi atakuja kuwa mkubwa mno, kwa hiyo walimpandisha polepole: mpiganaji alihitaji pointi 2,000 kufika ngazi ya pili, msomi 2,500. Toleo la mwaka 2000 likawapa wote ngazi kwa kiwango kimoja, na pengo likazidi kuonekana. Mwaka 2008 wakajaribu kuzipa fani zote mtindo mmoja wa nguvu, wachezaji wengi wakanung'unika kwamba sasa zote zinafanana. Miaka hamsini watu wanapima mizani hiyo hiyo.

Jumapili iliyofuata kinyozi alikuja na jambo. Alikuwa ametafuta habari, akakuta kwamba kitabu cha wasimulizi cha 2014 kinakadiria kundi liweze kuhimili mapambano sita hadi nane ya kawaida kwa siku moja. Sisi tulikuwa tunapigana mara moja, tunalala. Msomi akilala anaamka amejaa. "Leo," akasema, "mlango wa pango umeporomoka. Hakuna kulala."

Hapo ndipo hesabu ilipogeuka. Matufe ya moto ngazi ya tano ni mawili, na nikipumzika kidogo narudisha moja, jumla matatu kwa siku. Pambano la tatu nikawa nimemaliza. Kilichobaki ni kijimoto cha kurusha, wastani 11, tena kikimpata mtu. Kaka anapiga 22 pambano la kwanza, anapiga 22 la nne, anapiga 22 la sita. Panga haliishi. Alijibanza kwenye uchochoro mwembamba, vibwengo wakawa wanamjia mmoja mmoja. Pambano la tano uhai wake wa 44 ukafika sifuri, akaanguka. Dada wa chipsi akamtamkia neno la uponyaji, akasimama na pointi sita, akapiga tena. Tukamuuliza dada mbona anajivuna, yeye hakuua hata kizibo. Akajibu, "Nimemwinua kaka, kaka kapiga 22 mara tatu. Hizo 66 mnamwandikia nani?"

Sikuwa na jibu, na bado naona ndilo swali zuri kuliko yote tuliyobishania. Ukali wa fani unategemea unapima lini, siku ina mapambano mangapi, na nani amesimama mbele yako wakati wewe unafungua kitabu. Pima kwa pigo moja, msomi anashinda. Pima kwa siku nzima, mambo yanabadilika. Pima tangu ngazi ya kwanza, msomi bila mpiganaji ni marehemu.

Nikaona nimepata falsafa. Njiani nikamwambia, "Unaona kaka, wote mnahitajika."

Akasimama, akajishika kiuno kama alivyokuwa akifanya tangu Pasaka. "Mdogo wangu, mpiganaji wa kwenye karatasi akilala usiku mmoja anaamka na uhai wote. Mgongo wangu haujui kanuni hiyo."

Nikagundua kwamba nilikuwa nimehesabu pointi za vizibo miezi minne na sikuwahi kuhesabu magunia. Ana miaka 31. Asubuhi anaamka kwa kushika ukuta. Mpakani nako mambo yanabadilika. Tangu kituo cha pamoja na Nakonde kizinduliwe mwaka 2019, anayeelewa fomu na mfumo wa kompyuta ndiye anayekula kivulini. Akaniambia kuna wakala wa forodha anatafuta mtu wa kufuatilia makaratasi. Alikuwa ameogopa kunieleza, maana huenda ningecheka tena.

Jumapili hiyo akamuuliza kinyozi, "Mpiganaji anaweza kujifunza usomi?" Kanuni inaruhusu kuchukua fani ya pili ukipanda ngazi. Nikafungua ukurasa, nikasoma, sauti ikapungua. Kuwa msomi kunahitaji akili 13. Yake ilikuwa 9.

"Tisa imetoka wapi?"

"Ilikuwa nane, kaka. Ikaongezwa moja."

"Na nane nani aliandika?"

Nje lori likapiga honi. Hakuna aliyecheka. Mwandiko ulikuwa wangu, na yeye aliujua, kwa sababu ndiye aliyelipia madaftari nilikojifunzia kuandika. Siku ile sikumuuliza anataka kuwa nani. Nilimtazama mabega yake, nikagawa namba.

Dogo wa kwacha akashauri tufute tu, nani atatushitaki? Kaka akakataa. Akasema huyu mpiganaji kafanya kazi yake, mwacheni apumzike na 9 yake. Akaomba karatasi mpya na kalamu. Alijaza mwenyewe, polepole, akiniuliza neno moja moja la Kiingereza. Kwenye akili akaandika 15, akaikandamiza kalamu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Msomi, ngazi ya kwanza, uhai 8.

Mimi nami nikaomba karatasi mpya. Nikaandika mpiganaji, nguvu 15. Kinyozi akauliza kama nina hakika, maana naacha tufe la moto kwa ajili ya panga. Nikamwambia achote kopo tuanze.

Siku za wiki, jioni, kaka anakuja na daftari la mistari, tunafanya mazoezi ya fomu za forodha kwenye kompyuta ya kuazima. Anabonyeza kwa kidole kimoja. Kazi yenyewe bado hajaipata, na asubuhi bado anakwenda kubeba, magunia machache kuliko zamani. Jumapili tunarudi pangoni. Vibwengo wakitokea, msomi wetu wa pointi nane huwa anasahau, anasogeza kizibo chake mbele kwa mazoea ya miaka mingi.

Nami nakisogeza changu kabla yake. "Rudi nyuma, kaka."