Asilimia Tatu na Nusu ya Nini?

Mama yangu aliishia darasa la saba. Mimi niko mwaka wa pili, nasoma biashara, na kwenye somo la hesabu nilipata B+. Nayasema haya mapema ili mjue ni nani kati yetu aliyekuwa na kisingizio cha kukosea.

Mama anaishi Pangani. Anasuka ukili na kushona mikoba ya ukindu, ile yenye mistari ya zambarau na kijani mnayoiona mabinti wakibeba hapa chuoni. Ukindu ananunua kwa wanawake wanaokwenda kuukata, wakati mwingine kwa mkopo, analipa akishauza. Mkoba mmoja mzuri unamchukua siku nne mpaka tano, ukihesabu na kutia rangi. Mwaka wa kwanza nilikuwa nauza mmoja mmoja hapa hosteli. Mteja ananirushia hela kwa simu, nampa mkoba wake, tumemalizana.

Halafu picha zangu za Instagram zikafika mbali. Dada mmoja wa Muscat, mzaliwa wa Tanga, akaniandikia, "Mdogo wangu, hii mikoba unatuma huku? Nataka kulipa kwa kadi." Baada yake akaja mwingine wa Muscat, kisha Mjerumani wa Hamburg. Wote wanauliza kadi. Nikaona huu sasa ndio mlango wenyewe umefunguka.

Nikatafuta kampuni ya kupokea malipo ya mtandaoni. Siitaji jina, maana masharti yake hayakuwa ya ajabu kuliko ya wengine. Kujiunga bure, hakuna ada ya mwezi, makato asilimia 3.5 kwa kila malipo ya kadi. Unapewa linki, unamtumia mteja, anaandika namba za kadi yake, basi. Nikampigia Mama kumpa habari njema.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Enhe?"

Nikamweleza. Nikamwambia wanakata kidogo tu, asilimia tatu na nusu.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Asilimia tatu na nusu ya nini?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Mama, ya hela anayolipa mteja, ya nini tena?" Naye akasema haya, kama wewe umeona sawa.

Swali lile ndilo lililokuwa mtihani wenyewe, na mimi nililijibu vizuri bila kuelewa jibu langu.

Tuliweke mezani. Mkoba nilikuwa nauza shilingi 40,000. Mama namlipa 28,000. Kifurushi cha basi kutoka Pangani mpaka nikipokee Mbezi, pamoja na mfuko wa kufungia, 2,000. Faida yangu 10,000. Kuutuma mkoba nje ya nchi nilikuwa nalipia 60,000, na hiyo mteja ndiye anayeilipa, mimi sipati hata senti. Kwa hiyo mteja wa nje analipa jumla 100,000.

Sasa asilimia 3.5 inakatwa kwenye 100,000, sio kwenye faida yangu, wala sio kwenye bei ya mkoba peke yake. Inakata mpaka nauli ya posta, hela ambayo kwangu inapita tu. Makato ni 3,500. Faida yangu ilikuwa 10,000. Yaani ile "kidogo tu" ilikuwa asilimia 35 ya jasho langu.

Na hapo sijafika mwisho. Linki ilikuwa inatoza kwa dola, kampuni inanibadilishia kuwa shilingi kwa bei yake, ambayo iko chini ya bei niliyopigia hesabu. Kila laki moja ilikuwa inapungua kama 2,000. Halafu kuhamisha hela kutoka kwao kuja akaunti yangu ya benki ni 3,000 kwa kila safari, utoe nyingi utoe kidogo. Mimi kwa haraka zangu nilikuwa nikiona 200,000 imeingia, nahamisha.

Kwa miezi miwili niliuza mikoba 12 nje. Kwenye kichwa changu nilikuwa na faida ya 120,000. Kiukweli makato na bei ya dola vilikula 66,000, na safari sita za kuhamisha zikala 18,000. Nilibaki na 36,000 kwa mikoba 12. Nilikuwa na shughuli nyingi, napiga picha usiku, napanga foleni posta badala ya kwenda semina, na nilikuwa napata 3,000 kwa mkoba. Anayeuza vocha pale getini alikuwa ananizidi, na yeye anakaa kivulini.

Mama ndiye aliyeanza kushtuka. "Mwanangu, mbona mikoba inakwenda lakini hela haionekani?" Nikamjibu kwamba hela za mtandaoni zinachelewa, jambo ambalo ni kweli, kwa sababu kampuni ilikuwa inazishikilia siku saba kabla ya kuniruhusu kuzigusa. Lakini nilijua kwamba simwambii yote. Wakati huo alikuwa ananidai mikoba minne, shilingi 112,000, na yeye anadaiwa ukindu.

Siku nilipotaka kumlipa ndipo nikakuta barua pepe. Mteja mmoja ameiambia benki yake kwamba mkoba haukufika, anataka hela yake. Kampuni ikaizuia ile 100,000 papo hapo na kunipa siku kumi za kuleta ushahidi. Mkoba niliutuma, naapa niliutuma. Lakini risiti ya posta yenye namba ya kufuatilia kifurushi niliipoteza, labda niliitupa na makaratasi ya test. Nikatuma picha ya mkoba na maongezi yetu ya WhatsApp. Baada ya wiki tatu jibu likaja kwamba nimeshindwa. Ile 100,000 ikarudi kwa mteja, na juu yake nikatozwa ada ya kesi, dola 15, karibu 38,000. Nauli ya posta nilishailipa, mkoba umekwenda, hela imekwenda.

Nikafunga mahesabu. Mkononi nilikuwa na shilingi elfu kumi, na Mama ananidai laki na elfu kumi na mbili.

Boom lilipoingia nikamlipa. Sikumwambia ni hela ya boom. Wiki zile nilipiga pasi ndefu kama walivyonizoea wenzangu wa block yetu, ila safari hii haikuwa kwa sababu ya kiatu wala simu mpya. Mwenzangu wa chumba, anayesoma uhasibu, ndiye aliyenikalisha chini na daftari. Aliponiuliza faida kwa mkoba ni ngapi baada ya kila kitu, nikagundua sijawahi kuipiga hesabu hiyo hata mara moja.

Nikaenda maktaba kusoma hela ile inakwenda wapi. Kumbe anayekata sio mmoja. Benki iliyompa mteja kadi inachukua fungu lake, na kwa kawaida ndilo kubwa. Mtandao wa kadi, kama Visa au Mastercard, unachukua lake. Benki inayopokea kwa niaba ya muuzaji inachukua lake, na kampuni iliyokupa linki inaongeza la kwake juu. Wewe unaona namba moja tu.

Nikasoma pia kwamba namba hiyo haikuandikwa mbinguni. Umoja wa Ulaya mwaka 2015 ulipitisha sheria ya kuweka kikomo kwenye lile fungu la benki ya mteja: lisizidi asilimia 0.2 kwa kadi za kawaida za akaunti na 0.3 kwa kadi za mkopo za watu binafsi. Yaani watu walikaa, wakapanga, ikashuka. Sio kwamba mashine haiwezi kufanya kazi bila kukata sana.

Na kwa vitu vidogo hali ni mbaya zaidi. Chukua bei ya kawaida ya Stripe kule Marekani kwa malipo ya kadi mtandaoni: asilimia 2.9, na juu yake senti 30 za dola kwa kila malipo. Ukiuza kitu cha dola 100, unakatwa dola 3.20. Ukiuza kitu cha dola 2, unakatwa karibu senti 36, ambayo ni kama asilimia 18. Bei ni ileile kwa wote, lakini anayeuza vishikizo vya funguo anaumia mara sita kuliko anayeuza televisheni. Na aliye mkubwa sana anaweza kwenda kuomba apunguziwe. Sisi tunabonyeza "nakubali".

Ila nisiwe mtu wa kulaumu tu. Yule Mjerumani wa Hamburg hanijui wala hamjui Mama. Alinilipa kwa sababu anajua nikimdhulumu, benki yake itamrudishia. Ulinzi uleule ulioniumiza ndio uliomfanya athubutu kununua. Ningekuwa mimi mnunuzi, ningeutaka. Kwa hiyo makato sio wizi. Ni bei ya kuaminiwa na mtu asiyekujua. Kosa langu ni kwamba niliinunua imani hiyo kila siku bila kuuliza bei, hata kwa watu ambao tayari walikuwa wananiamini.

Maana dada wa Muscat alikuwa ananiamini. Tunajua mtaa mmoja, alimjua marehemu bibi yangu. Nilipomweleza ukweli akasema, "Kwa nini hukusema?" Sasa anakusanya oda za wenzake kule, natuma mikoba mitano kwenye kifurushi kimoja kwa 140,000 badala ya 300,000, na hela anazituma kwa pamoja moja kwa moja kwenye simu yangu. Ada ya kutuma wanagawana wao watano, na bado kila mmoja analipa kidogo kuliko zamani.

Kadi nimeiacha kwa wageni, na bei imebadilika. Hapa pia nilitaka kukosea tena. Kama makato na bei ya dola vinakula asilimia 5.5 na unataka ibaki 100,000, usiongeze asilimia 5.5 ukaandika 105,500, kwa sababu utakatwa kwenye hiyo 105,500 na utabaki na 99,697. Gawanya 100,000 kwa 0.945. Unapata 105,820. Tofauti ni ndogo, lakini tayari mnajua tofauti ndogo zilinifanyia nini. Kuhamisha benki ni mara moja kwa mwezi. Risiti za posta nazipiga picha kabla sijatoka mlangoni.

Likizo nilikwenda Pangani, nikamweleza Mama yote, mpaka la boom. Nilidhani atanigombeza kuhusu hela. Aliendelea kusuka, halafu akasema, "Ulikuwa unakula nini?" Sikuwa na jibu, nikaangalia chini.

Jioni akaleta daftari lake la ukindu, lile la madeni, akanipa kalamu. Tukachora mistari: bei, ukindu, rangi, basi, posta, makato, kubadilisha, kuhamisha, kinachobaki. Siku hizi oda ikiingia nampigia, na hanipi mkoba mpaka nimsomee ule mstari wa mwisho.

Wenzangu mnaouza keki, mafuta ya nywele, vitabu na nguo za mtumba kutoka kwenye vyumba vya hosteli, nanyi siku moja mtaambiwa asilimia tatu tu. Mkiambiwa, ulizeni kama alivyouliza Mama. Ya nini?