Pambizo na Mizani
Ilikuwa saa nane za usiku, na tasnifu ilitakikana asubuhi. Mwongozo wa idara ulimtaka mwanafunzi yule apanue pambizo ya kushoto kwa ajili ya kujalidi, na asogeze kila dondoo ndani. Alipotii, mishororo ya mizani 16 ilikatika. Neno la mwisho likaangukia mstari wa chini, na kina cha utao kikapotea machoni. Tarbia ikaonekana kuwa na mishororo minane. Angewezaje kutetea arudhi katika ukurasa uliokwisha kuivunja? Akazirejesha beti pambizoni, ukwapi na utao vikakaa sambamba. Kulipopambazuka aliiwasilisha kazi yake, akijua huenda ikarudishwa. Mshairi naye alikuwa na mwongozo wake, na aliutii hadi mizani ya mwisho.