Siku sita ndani ya gari-nyumba: kutoka Boise hadi Cedar Rapids wakati wa theluji



Wengi wenu mna mtoto, dada au shemeji aliyepelekwa Marekani kutoka kambi ya wakimbizi, na siku moja mnapompigia simu anawaambia, "Tumehama." Mnajiuliza anahamia wapi tena, si alishafika? Mji wa kwanza ni wengine wanaokuchagulia. Mji wa pili unautafuta mwenyewe, kwa ajili ya kazi, kodi ya nyumba au ndugu. Sisi tulipokelewa Boise, katika jimbo la Idaho, na tuliishi pale miaka mitano. Kodi ilipanda mpaka mshahara wa mtu mmoja ukawa unaishia kwenye nyumba tu. Dada yangu anaishi Cedar Rapids, jimbo la Iowa, ambako Wakongo ni wengi, na mume wangu akapata kazi ya kiwanda kule. Lakini kazi ilikuwa inaanza katikati ya mwezi wa kwanza, na kule mwezi wa kwanza ndio baridi yenyewe.

Kati ya miji hiyo miwili kuna kilomita zaidi ya 2,300. Tulikuwa watu wanane: sisi wawili, watoto watano, wa mwisho akiwa na miezi minne, pamoja na mama mkwe wangu. Ndege hatukuiweza. Hoteli za watu wanane kila usiku hatukuziweza. Mzee mmoja jirani alikuwa anauza gari-nyumba lake la zamani, yaani gari refu lenye vitanda, jiko la gazi, meza na choo humo humo. Wazungu hutembea nalo wakati wa joto, wakipumzika. Kulitumia katika theluji ni habari nyingine.

Neno la kwanza ni maji. Baridi ikishuka chini ya sifuri, maji yaliyomo kwenye mabomba ya gari yanaganda, yanavimba na kupasua bomba. Kwa hiyo mzee yule aliyamwaga yote, akatia ndani ya mabomba dawa ya rangi ya waridi isiyoganda. Tangu siku ile bomba halikufunguliwa. Tulisafiri na bidoni. Mama mkwe alicheka sana: "Nimevuka bahari, na bado nabeba bidoni!" Choo nacho kilifungwa, tukategemea vituo vya mafuta, na usiku ndoo yenye kifuniko. Mwanamke aliyelelewa Uvira hasumbuliwi na ndoo, lakini watoto waliozaliwa kule walilalamika kana kwamba tumewaonea.

Chakula hakikuwa shida. Sombe, ndagala na maharagwe niliyapika Boise, nikayagandisha kwenye vibakuli, na sanduku lililofungwa nyuma ya gari likawa frizeri isiyohitaji umeme. Maharagwe mabichi nisingethubutu. Wyoming, njia inapopita, iko juu kuliko Bukavu. Maji yanachemka kabla ya kupata moto wa kutosha, na ungemaliza gazi yote ukisubiri sufuria moja.

Siku ya kwanza tulifuata bonde la mto Snake, mashamba ya viazi yote yakiwa meupe, tukalala karibu na Ogden, jimbo la Utah. Mume wangu hakupita kilomita 80 kwa saa, na saa kumi na moja jioni, giza likianza, alisimama. Juu ya lami kuna barafu nyembamba ambayo macho hayaioni; unadhani ni barabara iliyolowa tu. Madaraja ndiyo yanaganda kwanza, kwa sababu hewa ya baridi inayapiga juu na chini. Ukikanyaga breki ghafla, gari linakwenda linakotaka. Watoto walikatazwa kabisa kulala vitandani gari likitembea. Kila mmoja alifungwa mkanda, mtoto mchanga kwenye kiti chake, hata alipolia.

Kutoka Utah unaingia jimbo la Wyoming kwa barabara kuu namba 80, na hapo ndipo safari ilipokuwa safari. Ni nchi ya upepo. Miti hakuna, milima iko mbali, na kando ya njia wamejenga kuta ndefu za mbao zenye mianya ili zikamate theluji kabla haijafika barabarani. Kipande cha kati ya Rawlins na Laramie, kinachopita karibu na mlima Elk, kilifunguliwa mwaka 1970. Wenyeji walikuwa wamewaonya wahandisi wasipitishe barabara pale, na siku chache tu baada ya kufunguliwa theluji iliifunga. Mpaka leo inafungwa mara nyingi kila msimu. Wanashusha vizuizi kama vile vya barieri zetu, na ukivipita unatozwa faini.

Tulifika Rawlins siku ya pili jioni. Kibao cha taa kilisema njia imefungwa kwa magari marefu yaliyo mepesi, na hilo ndilo lilikuwa gari letu haswa. Kamio zenye mzigo mzito zilikuwa bado zinapita. Mume wangu alihesabu siku zake za kazi, akatazama zile kamio, akanyamaza. Mimi pia sikusema kitu. Mama mkwe ndiye aliyesema, "Kazi itakukuta hai." Alimpigia simu msimamizi wa kiwanda, na yule mtu akamjibu aje siku atakayofika. Kumbe hofu ya siku mbili ilikuwa ya simu ya dakika tatu.

Tulilala hapo usiku mbili, kwenye uwanja wa kituo cha mafuta, pamoja na kamio nyingi. Nje ilikuwa digrii 22 chini ya sifuri. Ndani kulikuwa na chombo cha kupasha joto kinachotumia gazi. Kinavuta hewa na kutoa moshi wake nje kupitia tundu lililo ubavuni mwa gari. Usiku wa pili, saa nane, kengele ndogo iliyo ukutani karibu na vitanda ikaanza kulia kwa ukali. Si kengele ya moto. Ni ile inayonusa monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu inayotoka popote moto unapowaka bila kupumua vizuri. Haina harufu wala rangi. Binti yetu mkubwa alikuwa ameniambia kabla ya kulala kwamba kichwa kinamuuma, nami nikafikiri ni uchovu wa njia.

Mume wangu alizima gazi na kufungua milango yote. Mama mkwe alimfunga mtoto mchanga kifuani kwa vitenge viwili na blanketi, akashuka wa kwanza, soksi miguuni. Tulikimbilia ndani ya kituo. Wazimamoto tuliowaita walipima hewa ya gari, wakampima kila mmoja wetu, na wote tulikuwa salama. Sababu waliiona mara moja: upepo ulikuwa umebandika theluji ubavuni mwa gari mpaka tundu la moshi likafunikwa. Jioni lilikuwa wazi, tuliliangalia; saa sita baadaye lilikuwa limezibwa. Waliliondoa kwa koleo.

Ninaiandika kwa urefu kwa sababu hewa hiyo haikai Marekani peke yake. Usiku wa mvua Bukavu, mama anaingiza mbabula ya makala chumbani ili watoto wapate joto, anafunga dirisha, na wanalala. Ni hewa ileile. Watu wa Goma na Sake wanajua mazuku. Ile hutoka ardhini na si sawa na hii, lakini nayo haionekani. Anayelala haiamki. Mbabula ibaki nje, hata makala yakiwa yameshakuwa mekundu bila moshi, maana hapo ndipo watu wanadanganyika. Kichwa kikiwauma watu wawili au watatu wa nyumba moja kwa wakati mmoja, toka nje kwanza, maswali baadaye.

Asubuhi ya siku ya nne upepo ulitulia, wakainua vizuizi. Tulipanda mpaka mita 2,633, mahali pa juu kuliko pote kwenye barabara ile namba 80, ambapo wameweka sanamu ya kichwa cha Abraham Lincoln; watoto walitaka picha, baridi ikawarudisha ndani. Nebraska ni tambarare ya kilomita zaidi ya 700 kando ya mto Platte, na sina mengi ya kuisema ila kwamba niliipenda kwa utulivu wake. Siku ya sita, mchana, tuliingia Cedar Rapids. Dada yangu alikuwa mlangoni na bugali ya moto.

Gari tuliliuza mwezi wa nne, kwa bei karibu sawa na tuliyonunulia. Mama mkwe alikataa kengele iondoke nalo. Tulimwambia mnunuzi ukweli, tukampunguzia bei ili anunue mpya, na ile ya zamani iko ukutani juu ya kitanda chake.